Mwaka Niliponyamazia Gia

Tulimzika Mama Ndeta Alhamisi, kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, kule Old Moshi, na baada ya maziko watu walikaa kwenye viti vya kukodi chini ya migomba, sahani za machalari ya ndizi na nyama mapajani. Bwana Zakayo, ambaye siku hizi anatembea kwa mkongojo na kusikia kwa sikio moja tu, alikuwa amezungukwa na wajukuu wa marehemu. Akaninyooshea kijiko. "Mnamwona huyu mama? Huyu Aikande ndiye aliyekuwa dereva wa lori la maziwa la bibi yenu. Siku moja gari likamshinda, likarudi nyuma, likamvunja mtu mguu. Lakini bibi yenu alikuwa na moyo. Akamsamehe." Vijana wakanitazama kwa huruma. Mmoja akauliza kama lori lenyewe lilikuwa otomatiki. Nikatabasamu, nikaendelea kula, maana huwezi kubishana na mzee wa umri ule mbele ya kaburi bichi. Lakini jioni, nikiwa nyumbani kwangu Njoro, nimevua viatu vya msibani, nikawaza kwamba hadithi ile ikisimuliwa hivyo mara mbili tatu zaidi ndiyo itakayobaki. Mimi nimeendesha magari maisha yangu yote, na gari halijawahi kunishinda. Nilichofanya mwaka ule kilikuwa kibaya kuliko kushindwa na gari, na nilichofanya baadaye kilikuwa kizuri kuliko kusamehewa. Nataka yote mawili yajulikane.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na leseni ambayo wino wake ulikuwa haujazoea karatasi. Kikundi cha wafugaji, akina mama wengi na wanaume wachache, kilikuwa kimenunua lori dogo kuukuu la kukusanya maziwa asubuhi na kuyashusha mjini Moshi kabla jua halijawa kali. Siku ya usaili nilisubiri nje kwenye benchi, nyuma ya ukuta wa mbao usioweza kuzuia hata kikohozi. Nikamsikia Bwana Zakayo, katibu wao, wakati ule mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kahawia, akisema, "Tumpe miezi mitatu. Wanawake wana tabia ya kulalamika. Leo gari zito, kesho klachi ngumu, keshokutwa mgongo. Akianza tu, tumtafute mwanamume." Mama Ndeta, mwenyekiti, akauliza kwa sauti yake ya polepole, "Na asipolalamika?" Zakayo akajibu, "Asipolalamika, abaki." Hapo hapo kwenye benchi niliapa kwamba hakuna mtu wa Old Moshi atakayesikia neno moja la lawama kutoka kinywani mwangu kuhusu lile lori. Nilijiona jasiri sana. Kiapo kile ndicho kilichokuja kuvunja mguu wa mtu.

Mama Ndeta alinipa chumba kati ya jiko lake na zizi. Ukuta mmoja ulikuwa na joto la mafiga, wa pili ulitikisika ng'ombe akijikuna. Darini ziliiva ndizi kwa moshi, na mpaka leo nikisikia harufu ya ndizi mbivu na moshi wa mbuni uliokauka, najiona nafunga kamba za viatu kwenye kitanda kile. Asubuhi nilikuta bakuli la mtori limefunikwa sahani, na mama mwenyewe amekaa kwenye kigoda, mikono imepakwa mafuta ili utomvu usimgande, anamenya ndizi za mchana. Alikuwa mtu wa maswali mafupi. "Umelala?" "Nimelala, mama. Shikamoo." "Marahaba. Gari?" "Ni zima, mama." Kila siku aliniuliza hivyo, na kila siku nilijibu hivyo, hata ile miezi ambayo jibu lilikuwa uongo. Nimefikiri mara nyingi kwamba kama angeniuliza kwa kirefu zaidi ningesema. Sidhani. Nilikuwa nimejifundisha kujibu kabla swali halijaisha.

Lori lenyewe lilikuwa la uso bapa, lile ambalo dereva hukaa juu ya injini. Giaboksi iko chini na nyuma, mbali na mkono wake, kwa hiyo liva ya gia haifiki kule yenyewe. Inasukuma vyuma viwili virefu vinavyopita chini ya sakafu, na kwenye kila maungio kuna pini iliyopita ndani ya bushi, kijiringi cha nailoni kisichozidi kifungo cha koti. Bushi zikiwa nzima, mkono wa dereva na giaboksi vinasema lugha moja. Zikilika, mkono unasema hiki, giaboksi inasikia kingine. Mambo haya nayajua leo. Wakati ule nilijua tu kwamba baada ya Pasaka liva ilianza kucheza. Ukiishika ilikwenda huku na huku kama mwiko kwenye uji mwepesi, na gia namba moja ikawa haipatikani kirahisi, maana rivasi ilikuwa jirani yake, kushoto kidogo. Basi nikabuni ujanja wangu: naivuta liva kuelekea gotini, naishikilia hapo, kisha naipandisha huku nimebana pumzi. Ilikubali. Nikauonea fahari ujanja ule. Nilijiambia kwamba mwanamume yeyote wangempa lori lile angekuwa ameshalia siku nyingi.

Kituo cha mwisho kwa juu kilikuwa kwa Mzee Naftali, pale barabara inapopanda kwa ukali kando ya mfereji. Alikuwa na ng'ombe wawili, mke wake alikuwa amekwenda Dodoma kumwuguza binti yao, na maziwa aliyaleta mwenyewe. Hendibreki ya lori ilikuwa dhaifu, kila mtu alijua, kwa hiyo tulikuwa na utaratibu: nikisimama, yeye anaweka jiwe nyuma ya gurudumu, nikiwa tayari kuondoka, analitoa. Asubuhi moja ya Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye mibuni, alimimina maziwa yake, akanitania kwamba koti langu limekuwa kubwa kuliko mimi, akazunguka nyuma. Nikawasha. Nikavuta liva gotini, nikapandisha. Nikaisikia imeingia. "Haya!" akapiga kelele, maana yake jiwe limetoka. Nikaachia hendibreki na kuinua klachi, na lori likaondoka kwa nguvu, kwenda nyuma. Nilikanyaga breki mara moja. Mara moja hiyo ilikuwa imechelewa kwa urefu wa hatua mbili. Nilisikia madumu yakigongana, kisha sauti ya Mzee Naftali, ambayo haikuwa kelele. Ilikuwa kama mtu aliyeshangaa. "Aikande," alisema, "mguu wangu."

Alikuwa amebanwa kwenye ukingo wa mfereji, mguu wa kulia, chini ya goti. Watu walitoka mashambani, wakalisukuma lori kwa mabega, wakamlaza juu ya mifuko kati ya madumu, nami nikaendesha kushuka mjini hospitali huku maziwa yakimwagika nyuma na mwanamume mmoja amekaa pembeni yangu akiutazama mkono wangu kila ulipogusa liva. Mfupa ulikuwa umevunjika sehemu mbili. Mchana kamati ya kikundi ikaleta fundi kutoka mjini. Akaliendesha lori mara mbili kuuzunguka uwanja wa kituo cha maziwa, mahali tambarare, gia zikaingia zote, akafuta mikono. "Gari halina tatizo," akasema. "Dereva alichanganya gia." Bwana Zakayo hakuniangalia. Alisema tu kwamba Jumapili baada ya ibada kamati itakaa, na kwamba hadi hapo funguo zibaki kwa mwenyekiti. Jioni ile Mama Ndeta alinipa chakula, akakaa mbele yangu mpaka nikala. Hakuuliza gari. Aliuliza, "Mkono wako ulikwenda wapi?" Nikamwambia, "Kwenye moja, mama. Naapa." Akanyanyua sahani. "Basi usiniapie mimi. Katafute kilichokwenda kwingine."

Kesho yake nilishuka kwa miguu mpaka Njoro kwa Fundi Shabani, ambaye alikuwa amenifundisha kubadilisha tairi nilipokuwa najifunza udereva. Gereji yake ilikuwa uwanja wenye kivuli cha mabati, na yeye mwenyewe alikuwa amelala chini ya teksi, nikaiamkia miguu yake. Nikaieleza miguu ile habari yote. Nilipofika kwenye liva kucheza, miguu ikatulia. Akajivuta nje, uso umejaa vumbi. "Inacheza tangu lini?" Nikajibu, "Muda kidogo." Akanitazama kama mtu anayesoma mita. "Mimi siji huko juu," akasema. "Nikija, watasema umemleta rafiki yako akutetee. Ingia chini mwenyewe. Zima injini, weka mawe magurudumu yote. Mtu akae juu atikise liva, wewe tazama kile chuma kinapoingia kwenye giaboksi. Usitazame liva. Liva ni mwongo. Tazama mwisho wa chuma." Akanipa spana mbili, bisibisi, na kipande cha sabuni ya mche cha kunawia. "Ukikiona, utajua."

Mtu aliyekaa juu alikuwa Mama Ndeta. Hakuna mwingine aliyetaka. Alipanda kwenye kiti cha dereva na kitenge chake na kilemba chake cha kanisani, akashika liva kama anavyoshika mchi, nami nikatandika gunia nikaingia chini. Udongo ulikuwa baridi, mafuta ya zamani yakinidondokea shingoni. "Moja, mama!" Juu nikasikia liva ikigonga. Mwisho wa chuma ukasogea ulivyotakiwa. Labda ni mimi kweli. "Toa. Moja tena!" Safari hii liva iligonga juu, na chuma hakikusogea hata kidogo. "Imeingia?" akauliza. "Mama, wewe unaonaje?" "Imeingia. Naisikia imeingia." "Toa. Rudia." Mara ya tatu chuma kikatikisika, kikaelea, kikaenda kushoto, upande wa rivasi, kikatulia pale. Nililala chini nikikitazama. Nikamwita ashuke aone. Mwenyekiti wa kikundi, mama wa miaka hamsini na kitu, akavua kilemba, akalala kwenye gunia langu kwa ubavu, nami nikapanda juu nikaweka moja mpaka chuma kikaenda tena kushoto. Nikasikia sauti yake kutoka chini ya sakafu: "Ruwa wangu, Mungu wangu. Kinakataa!"

Nilifungua maungio yote manne. Kwenye mawili ya nyuma hakukuwa na bushi, kulikuwa na makombo ya kahawia kama maganda ya karanga, na tundu la chuma lilikuwa limelika likawa na umbo la yai. Nikayakusanya makombo kwenye leso. Nikabeba vile vyuma begani kama miwa, nikashuka navyo Njoro, watu wakinigeukia njiani. Spea ya lori lile ilikuwa haipatikani mjini, lakini Fundi Shabani alinipeleka kwa jirani yake mwenye mashine ya kukereza, naye akapima pini, akachonga kwa nailoni bushi nne nyeupe, nene kidogo. Matundu yaliyolika tukayajaza kwa kulehemu na kuyatoboa upya. "Zipake grisi, ziingie kwa kukaza mkono, si kwa nyundo," akaniambia. "Ukihitaji nyundo, hujasafisha tundu. Na kabla hujafunga pini ya mwisho, hakikisha liva iko katikati na giaboksi iko katikati. Vyote viwili. Watu wengi husahau kimoja." Nilirudi, nikakaa chini ya lori alasiri nzima. Bushi ya kwanza ilinichukua saa nzima, ya nne dakika chache. Nilipopanda na kushika liva, ilisimama wima, na nilipoisukuma kwenye moja ilikwenda mahali pamoja tu, ikaishia hapo kwa mlio mdogo safi, kama mlango mzuri unavyofunga. Mimi ndiye niliyefanya hivyo. Sijawahi kuogopa gari tangu siku ile.

Jumapili kamati ilikaa ndani ya kile chumba cha mbao. Mzee Naftali aliletwa, mguu umefungwa plasta mpaka pajani, ukawekwa juu ya kiti kingine. Nikafungua leso mezani, nikaeleza. Mama Ndeta akasema, "Mimi nimelala chini nikaona kwa macho yangu," na wanawake wakaguna kwa heshima, maana hakuna aliyewahi kumwona mwenyekiti amelala chini ya kitu chochote. Bwana Zakayo akashika makombo, akayasaga kwa vidole. Ni mtu wa haki, sitamnyima hilo. Akasimama. "Nilisema ni mkono wake. Nimekosea. Gari ndilo lililokosa." Watu wakaanza kusogeza viti. Ilikuwa imekwisha. Ningeweza kutoka pale nikiwa msafi kuliko nilivyoingia, na kwa dakika moja niliionja hali hiyo, ikawa tamu kweli. Kisha nikauona ule mguu juu ya kiti.

"Bado sijamaliza," nikasema. "Nilijua liva inacheza. Sikujua ni bushi, lakini nilijua gia haiingii sawasawa. Tangu Pasaka." Viti vikatulia. Mzee Naftali akageuza kichwa taratibu. "Tangu Pasaka?" "Ndiyo, baba." "Na mimi nimekuwa nikisimama nyuma kutoa jiwe kila asubuhi." "Ndiyo, baba." Bwana Zakayo akapandisha sauti. "Kwa nini hukusema? Mdomo ulikuwa na kazi gani?" Nami nikamjibu, kwa adabu lakini bila kuinamisha macho, "Siku ya usaili nilikuwa kwenye benchi hapo nje, Bwana Zakayo. Ukuta huu ni mbao tupu. Mlisema nikilalamika mtatafuta mwanamume. Kwa hiyo sikulalamika. Wewe ulisema, lakini aliyeamua kunyamaza ni mimi, na kosa la kunyamaza ni langu." Bwana Zakayo akavua ile kofia ya kahawia, akaishika kwa mikono miwili, akawa anaizungusha. Hiyo ndiyo sehemu aliyoisahau anaposimulia kwa wajukuu, na simlaumu sana. Kila mtu husahau upande wake.

Aliyefuata kusema ni Mzee Naftali. "Mimi nimeshavunjika," akasema, "maneno hayataunga mfupa. Lakini nina ng'ombe wawili kule nyumbani, na hawajui habari za bushi. Wanajua majani." Mama Ndeta akaitikia kwa kichwa, na uamuzi ukawa huo. Nikarudishiwa funguo. Kila alasiri, baada ya kurudi kutoka mjini, nikate majani ya ng'ombe wa Mzee Naftali na kuwakamua, mpaka mwenyewe atakapotembea. Na kila Jumamosi dereva alale chini ya lori akague kila maungio, kisha asimame mbele ya mwenyekiti aseme kila alichokiona, hata kama ni kidogo. Neno hilo la mwisho aliliomba Bwana Zakayo.

Nilikata majani ya mabingobingo miezi minne. Viganja vilichanika, vikapona, vikachanika tena. Mwanzoni Mzee Naftali alikaa barazani bila kusema nami, akinisahihisha kwa fimbo tu: hayo yameota mno, haya mabichi sana. Mwezi wa pili akaanza kuuliza habari za lori. Mwezi wa tatu akanitolea kiburu cha ndizi na maharage alichopika mwenyewe amekaa kwenye kigoda, maharage yameungua chini, nikala mpaka yakaisha, naye akaniambia habari za mke wake, ambaye barua zake alikuwa hajui kuzijibu. Nikamwandikia majibu. Hatukuzungumza hata siku moja juu ya msamaha. Sikuomba, maana niliona majani ndiyo yanayosema, na yeye hakutoa, na kwa hilo namshukuru kuliko kama angetoa mapema.

Novemba, mvua za vuli zimelainisha barabara, nilifika pale kando ya mfereji nikamkuta amesimama mwenyewe, fimbo mkono mmoja, dumu mkono wa pili. Nikashuka haraka kumpokea, akakataa. Akamimina maziwa. Jiwe nilikuwa nimeliweka mimi, kama nilivyofanya miezi yote hiyo, ingawa hendibreki tulikuwa tumeshaikaza. Nikapanda, nikawasha, nikasubiri asogee ili nishuke kulitoa. Kwenye kioo nikaona anainama, polepole, anaupinda ule mguu, analivuta jiwe mwenyewe. Kisha hakuondoka. Alisimama pale pale, katikati, nyuma ya lori.

"Baba, toka nyuma!"

"Nimekaa vizuri. Ondoka."

"Siwezi, baba. Sogea kwanza."

"Umekagua Jumamosi?"

"Nimekagua."

"Ukaona nini?"

"Pini moja ya mbele ilikuwa imeanza kulegea. Nimesema, tumebadilisha. Bushi zote nzima."

"Basi tia gia, mwanangu. Maziwa yanachacha."

Nikasukuma liva kwenye moja, nikaisikia ikiingia mahali pake. Nikainua klachi taratibu mpaka uso wa lori ukanyanyuka kidogo na injini ikabadilisha sauti, nikaona ardhi haisogei, nikaachia hendibreki. Lori likapanda. Halikurudi nyuma hata kidole. Nilipotazama kioo, lilikuwa limesogea hatua tatu tu, na Mzee Naftali alikuwa ameshageuka, mgongo kwa lori, anapanda zake kwenda kuwatazama ng'ombe.